UZI: Wiki sita barazani kwa bibi Mikindani nikijifunza kusuka ukili, wanaotaka kujifunza kazi za mikono huku kusini pitieni hapa

KaraniWaGhala (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, Mtwara kuchele. Huu uzi niliuahidi kwenye ule wa ajira za msimu wa korosho, watu watatu wakanifuata inboksi kuuliza hivi ni kweli mwanaume mzima unasuka mikeka. Jibu ni ndiyo, nasuka, nasuka vibaya ila nasuka, na leo naeleza ilikuwaje.

Mimi ni karani wa ghala. Korosho zikiisha na sisi tunaisha, wenye kuelewa wameelewa. Mwezi wa tano nikajikuta nyumbani Mikindani sina mbele wala nyuma, na kuna bibi mmoja mtaa wa pili, siyo wa damu ila ndiye aliyemlea mama yangu, kila asubuhi yuko barazani na ukili wake mapajani, ule utepe mrefu wa kusukwa unaokuja kushonwa kuwa mkeka. Siku hiyo nikamfuata nikampa shikamoo nikamwambia bibi nataka unifundishe. Alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akawaita na wenzie wawili waje waone maajabu. Halafu akaniambia njoo kesho mume wangu, na usije mikono mitupu.

Nikaenda na kilo mbili za sukari na daftari. Ndiyo wakuu, DAFTARI. Nilidhani nitaandika hatua ya kwanza, hatua ya pili, kama darasani. Bibi akaligeuzageuza akasema hili litatufaa kuwashia moto, na sikujua kama anatania mpaka nilipokuja kuona kurasa zangu jikoni.

Siku mbili nzima sikugusa ukili. Kazi ilikuwa kuchambua tu. Kwa wasiojua, ukindu unatoka kwenye mkindu, yanachukuliwa yale majani machanga ya katikati ambayo hayajafunguka, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa meupe, ya rangi yanachemshwa na ile rangi ya unga ya dukani, ndo unakuja kupasua kila jani kwa urefu upate chane. Bibi anapasua kwa ukucha wa dole gumba, anaingiza mara moja anavuta mpaka mwisho, chane inatoka upana uleule kama imepimwa kwa rula. Mimi kucha sina nikajifanya mjanja nikachukua wembe. Wembe unakimbilia pembeni, chane inaanza pana kama utepe inaishia uzi wa cherehani. Bibi hakusema kitu. Alikuwa anaziokota moja moja anaziweka upande wa kuni.

Siku ya tatu nikapewa chane saba nianze. Kusuka kwenyewe mkono unashika haraka, ya pembeni inaingia katikati, ya upande wa pili inaingia katikati, juu chini juu chini, jioni nikawa nimefika pima moja nzima (pima ni urefu wa mikono miwili ukiinyoosha) nikajiona fundi. Umebana, unang'aa, nikaupiga picha nikaweka status. Kesho yake naufungua unapitisha mwanga kama chandarua. Bibi akapitisha kidole akasema neno moja, "Fumua."

Sasa hapa ndo pa kusikiliza. Hakuniambia kosa liko wapi. Nikafumua, nikasuka tena, kesho yake ukawa uleule, fumua. Mara ya tatu nikaacha kujiangalia mwenyewe nikaanza kumwangalia yeye, ndo nikagundua mimi naulowesha ukindu kwenye beseni kama nguo za jumamosi, yeye anaunyunyizia maji kidogo anaufunga kwenye kanga chakavu unalala humo. Jani likinywa maji linavimba, ukisuka likiwa limevimba linabana vizuri kweli, likikauka linasinyaa linaacha pengo. Ningeambiwa siku ya kwanza ningesema sawa bibi na ningesahau. Saivi siwezi kusahau hata nikizeeka.

Nilihesabu, nimefumua mara kumi na moja kwa wiki sita. Mara nyingine ukili ulikuwa unapinda kama panga kwa sababu chane za upande mmoja pana kuliko za upande mwingine. Mara nyingine niliunga chane mbili sehemu moja, bibi akauvuta tu ukakatika palepale, akanirushia vipande viwili. Unatakiwa kiungo cha hii kiwe hapa na cha jirani yake mbele zaidi, visikutane.

Na nimejua kwanini mikeka inauzwa bei ile na kwanini bado ni bei ya dhuluma. Mkeka wa watu wawili kwa ukili wa upana wa vidole vinne unakula kama pima ishirini, hapo hujashona, hujaweka taraza ya ukingoni, hujachemsha rangi. Bibi anatoa pima tatu kwa siku huku anapika na kugombana na kuku. Mimi pima moja na mgongo unalia.

Sasa wadau hoja yangu. Nataka nikusanye watu wanne watano wakae kwa bibi kama nilivyokaa mimi, ila walipe, siyo sukari tu. Na nataka kujua huko mliko, Lindi, Kilwa, Masasi, Newala, kuna mafundi gani wanaopokea watu wa kujifunza kwa kushika? Vyungu, madema ya kutegea samaki, vinyago, chokaa, chochote. Na mnawalipaje?

Shuka_La_Mpwapwa

Bila picha huu ni umbea tu kama umbea mwingine

KaraniWaGhala

Bibi hataki sura yake mtandaoni, kasema hajawahi kuombwa posa kwa picha haanzi leo. Nimeweka picha za mikono hapo chini. Mikono ya kushoto ni yake, ile yenye plasta ni yangu.

Bosi_Asiyelipa

Mkeka wa plastiki elfu kumi sokoni, una maua, unaufuta na tambara basi. Wewe wiki SITA kwa mkeka mmoja. Mkuu tafuta kazi, mwanaume huwezi kukaa barazani na wamama unasuka. Hii ndo inaturudisha nyuma watu wa kusini

BintiWaShangani

@Bosi_Asiyelipa wa plastiki umeulalia mwezi wa kumi na mbili Mtwara hii hii? Unaamka umegandana nao kama sambusa na karatasi. Na nyumbani kwetu maulidi au msiba ukitandika plastiki watu wazima wanaangaliana. Kila kitu na mahali pake.

Halafu nani kakwambia wanaume hawasuki? Babu yangu alikuwa anasuka madema mpaka anaingia kaburini. Makuti ya kuezekea ulidhani yanajisuka?

Tezo_na_Keekee

Nimeitwa huku na jamaa, nisalimieni. Mimi niko Kilwa Kivinje, kazi yangu vyombo, mashua na ngalawa, na nikipata muda madema. Nimesoma uzi wote nimecheka kwenye wembe kwa sababu kila anayekuja kwangu anakuja na wembe wake, kama siyo wa kweli basi wa kichwani.

Mimi nilianza kwa mjomba nikiwa na miaka kumi na nne. Mwaka wa kwanza sikupewa tezo, lile shoka dogo la kuchongea. Kazi yangu ilikuwa kushika mbao upande wa pili wakati yeye anaitazama, na kusokota pamba. Kijana akisikia hivyo anaona ananyanyaswa, anafanywa mtumwa. Siyo. Ukishika mbao upande wa pili kwa mwaka unajua mbao inavyonung'unika kabla haijapasuka, unaisikia mkononi. Taruma, yaani ubavu wa chombo, haitoki kwenye mbao iliyonyooka ukaipinda, unatafuta tawi lililokwishapinda lenyewe kule msituni, kwahiyo fundi anatembea porini anaangalia miti anaona mbavu za chombo, wewe unaona kuni tu.

Kalfati ndo somo la kwanza la kweli nawapa wanaokuja. Unasokota pamba na mafuta unaishindilia kwenye mwanya kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo. Ukishindilia kidogo maji yanaingia. Ukishindilia sana mbao ikinywa maji inavimba haina pa kwenda inasukumana na mwenzie, inang'oa misumari. Kama ulivyosema wa ukindu, maji ndo mwalimu mkuu. Sikizeni mlio, nyundo ikiwa bado inatoa sauti ya ndani kama kugonga debe endelea, ikibadilika ikawa kavu acha. Hiyo sauti naielezaje kwenye semina?

Malipo. Zamani mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa fundi, alikuwa analeta ada ya kuingia na siku anapofunguliwa anampa fundi kilemba. Saivi hakuna anayekuja kukaa miaka mitatu. Wanaokuja wiki moja au mbili nawatoza kwa siku, kama ningekuwa kwenye chombo cha mtu ningelipwa kiasi gani, ndo hicho hicho, maana ukija wewe kazi yangu inapungua nusu. Simwonei mtu.

Mwl_wa_Nachingwea

@Tezo umenigusa uliposema semina, acha nitoe yangu moyoni.

Miaka kadhaa nyuma ulikuja mradi mmoja, jina nalihifadhi, wa kuwawezesha kina mama wafinyanzi. Nikachaguliwa kuwa mkalimani na mratibu wa kijiji. Siku tatu ukumbini, kila mama kapewa kalamu, faili, soda mbili na posho. Mtaalamu kaja kutoka mjini na projekta anaonyesha picha za vyungu. VYUNGU. Mbele yake wamekaa wanawake kumi na nane wamezaliwa na udongo kwenye kucha. Kuna mmoja mzee kabisa, wenzie wote wanamheshimu kwa mitungi, kawekwa kiti cha mwisho kwa sababu hajui kusoma. Siku ya tatu wakapewa vyeti wakapiga picha ya pamoja. Udongo haukuguswa hata tonge. Nikamuuliza yule bibi umejifunza nini mama, akasema nimejifunza kwamba soda ya chungwa inanipandisha kiungulia.

Siwasemi wote, kuna waliofanya vizuri. Lakini mkiandaa mafunzo tafadhalini fundi akae mbele, mwenye projekta akae nyuma.

Na kwa vijana: siyo kwamba serikali haijui hili. Mwalimu Nyerere aliliandika mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, shule ziwe na mashamba na karakana, na sisi wa enzi zile tulisuka na kulima kweli japo wengine tuliona kama adhabu. Saivi kuna mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari ulioanza 2024. Na VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani, anapimwa kwa kazi yake anapata cheti, fundi seremala na muashi wengi wamepita humo. Ningependa siku moja nione msuka ukili anapimwa hivyo.

Bosi_Asiyelipa

Mwalimu hapo kwenye soda umeniua 😂😂 lakini bado hujanijibu, hela iko wapi?

VyunguVyaMasasi

Hela ngoja nikwambie mimi maana nauza.

Mimi nilijifunza ufinyanzi kwa mama mkwe baada ya kuolewa, kwahiyo sikuwa na njia ya kukimbia, mwalimu ndo huyohuyo mnakula sahani moja. Udongo tunachimba bondeni, tunaubeba kichwani, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, halafu unachanganywa na vigae vya vyungu vilivyovunjika tulivyovitwanga. Watu wanadhani vigae ni kuokoa udongo. Hapana, udongo mtupu unasinyaa sana ukikauka, unapasuka, vile vigae vimeshapita motoni havisinyai tena, vinaushika mwili.

Hatuna gurudumu. Unaanza na tonge, unalipandisha kwa kiganja ukiwa wewe ndo unaizunguka kazi, siyo kazi inakuzunguka. Nilikuwa nainama naizunguka kinyumenyume mpaka kizunguzungu. Kukwangua ndani kipande cha kibuyu, nje gunzi la mahindi, kung'arisha jiwe la mtoni. Jiwe la mama mkwe limerithiwa, limelika upande mmoja kama kisigino. Hilo sijawahi kuruhusiwa kulitumia hadi leo.

Chungu changu cha kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote, kweli siyo kujisifu, hata yeye alikisifia. Kikakaa kivulini siku nne nikaona kimekauka, nikakiingiza motoni na vya kwake. Kililia PAA kama baruti, kikavunja na viwili vya kwake vilivyokuwa jirani. Kumbe kitako kilikuwa kinene kuliko ubavu, juu kumekauka ndani ya kitako bado maji, maji yakawa mvuke yakatafuta mlango. Mama mkwe hakunigombeza. Aliviokota vigae vyote akavitia kwenye kinu akanipa mchi. Nikatwanga chungu changu mwenyewe.

Saivi nagonga kitako kwa kidole nasikiliza, na nakilaza shavuni, kikiwa baridi bado kina maji. Na kabla ya kuchoma navipasha kwanza pembeni ya moto vizoee.

Hela: wateja wangu wa vyungu vya kupikia ni wale wale, wachache, wanataka bei ya chini. Wanaonilipa vizuri ni wanaokuja kujifunza. Nina wageni wawili watatu kwa mwezi wakati wa kiangazi, wanakaa siku tano, wanalipa, na wananunua. Kwahiyo @Bosi hela iko kwenye kufundisha kuliko kwenye kuuza. Ila siku tano huondoki fundi, unaondoka na kibakuli kimoja na heshima kwa aliyetengeneza mtungi.

MsafiriWaKaliua

Dada Masasi msimu upi mzuri kuja? Nina likizo mwezi wa kwanza

VyunguVyaMasasi

Mwezi wa kwanza usije utalia. Mvua huku zinaanza mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa nne hivi, chungu hakikauki, kuni mbichi, na mimi mwenyewe niko shamba. Njoo kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa.

KaraniWaGhala

Naongezea hapo, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja msitafute mtu yeyote huku, fundi gani sijui, wote tuko kwenye korosho. Bibi mwenyewe ana mikorosho yake sita, msimu ukianza ukili unatundikwa ukutani.

Mchongaji_Mwenge

Mimi kwetu Newala ila nimehamia Dar zamani, nachonga Mwenge. Baba mchongaji, babu mchongaji. Naomba niseme ya mpingo kwa sababu wageni wengi wanaotaka darasa la kuchonga wanataka kuanza na mpingo siku ya kwanza, na hilo ni kosa.

Mpingo ni mgumu na mzito mpaka unazama kwenye maji. Patasi ya mtu mpya inateleza juu yake inaingia kwenye kidole, nimeshapeleka wanafunzi wawili zahanati. Na ni mti unaokua taratibu mno, miaka sabini na zaidi mpaka ufae kuvunwa, sasa wewe unaufanyia mazoezi? Wazungu wanautengenezea klarineti na obo, sisi tunautengenezea vinyago, wote tunaugombania. Kikole kule Kilwa walipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 kwa kuusimamia msitu wao wenyewe wa kijiji, hao nawavulia kofia, mti unauzwa kwa utaratibu na hela inabaki kijijini.

Kwangu mtu anaanza na msasa. Anapewa kinyago kilichokwisha anakisugua, msasa wa kukwaruza, wa kati, laini. Analalamika analipia kusugua? Ndiyo. Kwa sababu ukisugua mgongo wa kinyago siku nzima vidole vinajua mgongo umepita wapi. Wiki ya pili anapewa mti laini achonge mwiko. Mwiko tu. Halafu ndo tunazungumza.

Baba alikuwa hasemi kabisa. Ukikosea anakunyang'anya tezo, anapiga mara mbili, anakurudishia. Unatakiwa uone hizo mbili. Ukipepesa zimekupita.

PS mkinunua kinyago "cha mpingo" kigeuzeni mkinuse chini. Kikinuka kiwi ya viatu mmenunua mti laini uliopakwa rangi. Mpingo wa kweli kiini chake ni cheusi chenyewe, na mchongaji mwingine anaacha ule ukingo mweupe wa nje makusudi muone.

Bosi_Asiyelipa

Nimekimbia sebuleni kukinusa. Kinanuka kiwi. Elfu themanini nilitoa

BintiWaShangani

😂😂😂😂 Na mkeka wako wa plastiki upo hapohapo chini yake?

LindiDamu_Dar

Wadau mnaongelea miezi na miaka, sisi tulioajiriwa tuna wikendi tu. Niko Dar, kwetu Lindi, nataka nikija kumsalimia mama nipate hata siku mbili za kujifunza kitu na wanangu, wana miaka tisa na kumi na mbili, wanajua simu tu. Siku mbili inatosha nini?

KaraniWaGhala

Siku mbili ni nyingi ukichagua vizuri mkuu. Pakacha la makuti ya mnazi mabichi mtoto wa miaka tisa analijua kabla ya chakula cha mchana, kuti linakatwa palepale linasukwa palepale. Kipepeo cha kupepea jiko siku moja na nusu. Kawa ya kufunikia chakula hapana. Mkeka sahau.

Tezo_na_Keekee

Ukija na watoto pita Kivinje, halafu uwapeleke Kilwa Kisiwani wakaone magofu, siyo kupiga selfi tu. Waambie waguse ule ukuta. Yale ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ni hayohayo matumbawe yamechomwa juu ya rundo kubwa la magogo, yakatiwa maji yakaacha kufoka, yakakaa muda mrefu ndo yakatumika. Magofu yale na ya Songo Mnara yamo urithi wa dunia tangu 1981, mwaka 2004 yakaingizwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, 2014 yakatolewa. Ukuta kama ule ukiutibu na saruji unauua, saruji haipumui, chumvi na unyevu vinanasa ndani jiwe linaoza. Nimewahi kukaa na wazee wanaochoma chokaa wiki moja tu, koo liliwaka moto. Hiyo nayo ni kazi ya kujifunza kwa kushika, ila mfunike macho, chokaa mbichi haina utani.

Mzalendo_Halisi77

Mimi napinga jambo moja. Hizi ni mila zetu, ni urithi wa wote, kwanini bibi alipwe? Zamani mtu alikuwa anafundishwa bure kwa bibi yake. Mkianza kutoza mnazigeuza biashara, watajifunza wenye hela tu na watalii.

VyunguVyaMasasi

Bure ya wapi? Mimi nilimtekea mama mkwe maji miaka minane. Hiyo ni bure?

Mwl_wa_Nachingwea

Mzalendo hoja yako siyo ya kutupa lakini angalia nani ameombwa kujitolea. Fundi wa simu unamlipa. Mwalimu wa tuisheni unamlipa. Likija suala la bibi wa ukili ndo tunakumbuka urithi wa wote.

Mzalendo_Halisi77

Sawa mwalimu, lakini mtoto wa jirani asiye na kitu?

KaraniWaGhala

Hili nimemuuliza bibi mwenyewe jana jioni, nikamsomea na comment zenu. Kasema hivi (naandika alivyosema, mnamjua mtu wa kwetu anavyoongea): "Ntoto wa jirani aje ntupu, anichotee maji. Ntu wa mjini alete hela, maji hajui kuchota." Kesi imefungwa.

Sasa ya malipo nimekubaliana naye tufuate hesabu ya Tezo. Pima tatu zake za siku zingemwingizia kiasi gani zikiwa mkeka, tunagawa kwa watu wanne, tunaongeza chai na mchana. Inakuja elfu sita kwa kichwa kwa siku, na ukindu unanunua mwenyewe kwake, usimletee wa sokoni atakurudisha. Siku kumi mfululizo. Anayetaka siku mbili aje jumamosi na jumapili, atafundishwa kipepeo.

Video marufuku mpaka siku ya tano. Hilo siyo la bibi ni la kwangu, mimi nilipoteza siku nzima narekodi badala ya kuangalia, nikija kuitazama usiku naona vidole tu vinaruka, sijui kilichotokea.

MsafiriWaKaliua

Mkuu mkeka wako ule wa kwanza uliishia wapi?

KaraniWaGhala

Upo. Nilimaliza kuushona wiki iliyopita, umeenda mshazari upande mmoja, ukiutandika chumbani unaona kabisa ukuta umenyooka mkeka haujanyooka. Bibi aliuangalia muda mrefu nikajua sasa hivi naambiwa fumua pima ishirini. Akaukunja akauweka kwapani akaingia nao ndani. Sijarudishiwa hadi leo. Nilichungulia juzi, anaulalia mchana.

BintiWaShangani

Weka jina langu la kwanza la pili na la tatu. Naleta na wifi yangu

LindiDamu_Dar

Mimi na watoto wawili, wikendi ya mwisho wa mwezi wa saba. Bibi ana namba ya simu nimsalimie kwanza?

KaraniWaGhala

Bibi hana simu. Ukishuka stendi ya Mikindani uliza baraza ya ukili, ila fika kabla jua halijafika mlango wa pili, likifika hapo anahamia uani na uani haingizi wageni.

Bosi_Asiyelipa

Naulizia rafiki yangu. Anatakiwa aje na nini?

KaraniWaGhala

@Bosi mwambie rafiki yako aache kucha ya dole gumba ikue kuanzia leo. Na asije na suruali ya kubana, tunakaa chini.